Bibi Kobe Aomba Chuo cha Kupanda Miti

Jua la mwaka ule halikuwa na adabu. Lilikausha mito, likakausha majani, likamalizia na miti, mpaka Simba mwenyewe, mfalme wa nyika, akakosa kivuli cha kulalia. Alijaribu kujilaza chini ya Twiga, lakini Twiga kila akipiga hatua kivuli kinaondoka naye, na mfalme hawezi kukimbizana na kivuli mbele ya raia zake.

Asubuhi moja akasimama juu ya jiwe, akanguruma: "Nafungua chuo! Chuo cha Kupanda Miti! Watakaokubaliwa watakunywa maji ya chemchemi yangu. Wengine waende mtoni kwa miguu yao!"

Mto uliobaki na maji ulikuwa mbali, ng'ambo ya milima. Wanyama wakatazamana. Kupanda miti kupi? Kule kwa kucha na mkia, au kule kwa jembe na mbegu? Ingetosha mmoja wao kuuliza. Lakini Simba hakupenda maswali, na wa mwisho aliyemwuliza swali alipata jibu akiwa tayari tumboni. Basi kila mmoja akaelewa alivyopenda. Tumbili, aliyezaliwa tawini, akasema kupanda miti kote nyikani ni yeye, akateuliwa Mkuu wa Chuo. Sungura, ambaye hajawahi kuona mlango asijipenyeze, akawa tarishi wa kupeleka majibu.

Waombaji walijaa: Chui, Kindi, Paka-mwitu, Nyani na ukoo wake wote. Kila mmoja akaonyesha kucha zake. Mwisho kabisa wa foleni akatokea Bibi Kobe, mjane mzee ambaye hajakanyaga darasa tangu azaliwe. Walicheka hadi Nyani akaanguka kutoka tawini, jambo baya kwa mwombaji wa chuo kile.

Kobe hakucheka. Alijua kwamba kwa mwendo wake, atakapofika mtoni litakuwa limebaki gamba tupu. Akikosa chuo, amekwisha. Halafu, na hili aliliona aibu kulisema, alitamani sana kusoma.

"Bibi," Tumbili akamwuliza mbele ya baraza, "umewahi kupanda mti?"

"Mingi, mwanangu."

"Wewe? Unapandaje?"

"Kwanza nachimba shimo."

Tumbili akamgeukia Bundi, mjumbe wa baraza. Bundi akafumba macho, kama afanyavyo kila akiwa hajaelewa.

"Shimo la nini?"

"Utapandaje bila shimo? Nikimaliza nafukia, nakaa pembeni, nangoja."

"Na umewahi kufika wapi?"

"Sijafika popote. Yote hufa."

"Hufa ukiwa juu?"

"La, nikiwa pembeni. Huwa nalia sana."

Tumbili akajikuna kichwa, akajikuna na kwapa. Kupanda mti kwa kushuka shimoni! Hakuwahi kusikia kitu kama hicho, ila mkuu wa chuo hawezi kusema hajawahi kusikia. "Ahaa," akasema. "Mbinu ya chini kwa chini. Nenda nyumbani, Bibi. Majibu yatatoka."

Kobe akaenda kungoja. Watu humsifu Kobe kwa subira, lakini watu hao hawajamwona akingoja majibu. Kijiti kikivunjika, anachomoa shingo. Kunguru akikohoa, anachomoa shingo. Shingo ikaanza kumwuma. Jirani yake Nungunungu akapita.

"Vipi shoga, yametoka?"

"Bado."

"Mbona ya Nyani yametoka? Amekubaliwa."

"Nyani yule aliyeanguka?"

"Huyo huyo."

Kobe akaingia gambani asitoke mpaka jua likazama. Humo ndani alijiita mpumbavu, akajiuliza nani alimtuma kutaja shimo.

Kumbe jibu lake lilikwisha kutoka kitambo. Tumbili, kwa kuogopa kuonekana mshamba, alimpa nafasi ya mwisho na kumtuma Sungura akamwambie. Sungura akakutana njiani na Fisi. Fisi alikuwa amekataliwa, kwa sababu alipoulizwa anapenda mti gani, alijibu, "Ule wenye nyama."

"Bado unataka chuo?" Sungura akamwuliza.

"Chuo cha nini! Nataka maji. Na nasikia kuna chakula cha mchana."

"Nafasi ipo. Ya Kobe. Niapie kwamba hutanila maishani, na kwamba utanibeba mgongoni kwenda na kurudi chemchemini."

Fisi akaapa, mate yakimchuruzika. "Lakini mimi na Kobe hatufanani."

"Kuna karai lilitupwa na mafundi wa barabara. Tutakufunika."

Fisi akaridhika kabisa. Sungura akaendelea na safari hadi kwa Kobe, akavaa uso wa huzuni.

"Bibi, suala lako bado linajadiliwa. Liko mezani."

"Mezani ni kuzuri au kubaya?"

"Kuzuri. Tatizo ni upande gani wa meza. Huna tango pori hapo?"

Kobe alikuwa na matango pori machache, akiba yake yote ya kiangazi. Akatoa moja. Kesho yake suala likawa limesogea ukingoni, akatoa jingine kulizuia. Kesho kutwa likawa limeanguka chini ya meza, akatoa mengine ili apatikane wa kuinama kuliokota. Matango yalipokwisha, Sungura hakuonekana tena.

Siku ngoma za ufunguzi wa chuo ziliposikika, Kobe alikuwa bado amechomoa shingo. Alisikiliza, akaelewa, na kwa mara ya kwanza hasira ikamshinda woga. "Kama wamenikataa," akasema, "wanikatae usoni." Akatia mbegu ya mkwaju mdomoni, maana koo kavu linataka kitu cha kumumunya, akashika njia.

Uwanjani, Simba aliwasili na manyoya yaliyochanwa. Akawakuta wanafunzi wote wameng'ang'ania mti mmoja mkavu, Kindi amekalia Nyani, Nyani amekalia Chui, na Chui anatabasamu kwa shida. Chini yao alisimama mnyama mwenye karai mgongoni, akicheka peke yake.

"Nini hiki?" Simba akauliza.

"Wanafunzi, Mtukufu," Tumbili akasema. "Wanapanda mti."

"Na kivuli changu kiko wapi?"

Wanafunzi wakautazama mti wao mkavu.

"Nilisema mpande miti! Miti! Iingie ardhini, iote, nilale!"

Kwa mngurumo ule mti ukakatika, na chuo kizima kikamwagika chini. Tumbili akaona kifo chake kimekuja na manyoya yaliyochanwa. "Tulijua, Mtukufu," akasema haraka. "Ndiyo maana tulimchukua Kobe, mtaalamu wa mashimo."

"Kobe yuko wapi?"

"Mimi hapa," likasema karai.

"Panda."

Fisi akachimba kwa bidii, mchanga ukawarukia wageni wa heshima. Akafukia kitu, akakikalia.

"Umepanda nini?"

"Mfupa, Mtukufu."

"Utaota?"

"Ukiota, wa kwanza kuula ni mimi. Tusije tukakosana baadaye."

Hapo ndipo sauti ndogo ikasikika nyuma ya umati, ikihema. "Samahanini. Mimi ni Kobe. Nimekuja kuuliza majibu yangu."

Simba akatazama huku, akatazama kule. Akanyoosha ukucha mmoja, akaliinua karai. Chini yake Fisi alijikunyata kama kuku aliyenyeshewa.

"Ni Sungura!" Fisi akapiga kelele kabla hajaulizwa. "Nafasi ni ya Bibi, Sungura ndiye kanipa!"

Sungura alikuwa tayari ameinua mguu wa kukimbilia, lakini mkia wake, mdogo ulivyo, ulikuwa chini ya kiganja cha mfalme.

Kobe hakuwa akimtazama. "Kwani nilikubaliwa?" akamwuliza Tumbili.

"Tangu mwanzo, Bibi."

"Nilikubaliwa," Kobe akarudia, machozi yakimtiririka. "Nilikubaliwa, nami nikakaa nalia."

Hata Chui akainamisha uso. Simba akakohoa kidogo. "Mama," akasema, "hiyo miti yako hufa kwa nini?"

"Sijui, Mtukufu. Ndicho nilichotaka nifundishwe. Naimwagilia, nailinda, na kila asubuhi naifukua nione kama imeota."

Tumbili akatazama mawinguni, ingawa mawingu hayakuwapo. Fisi ndiye aliyeshindwa kujizuia.

"Kila asubuhi? Bibi, hata mimi na ulafi wangu huu, mfupa nikiufukia nauacha!"

Hilo lilikuwa somo la kwanza katika historia ya chuo kile. Kama malipo, mwalimu aliruhusiwa kwenda mtoni akiwa hai, karai lake kichwani.

Kisha Simba akamgeukia Sungura. "Wewe una masikio marefu. Utasimama hapa usoni pangu, uyanyooshe, nipate kivuli, mpaka mti wa mama huyu ukunjue matawi."

Kobe akatema mbegu ya mkwaju, akachimba, akafukia, akamwagilia maji ya chemchemi baada ya kunywa hadi gamba likambana. Kulipokucha, kucha zilimwasha vibaya. Akazikalia.

Mkwaju si mti wa haraka. Unaweza kukaa miaka kabla haujamfunika hata kuku. Masikio ya Sungura yalitetemeka, na kila yalipoinama, Simba alifumbua jicho moja.

"Bibi," Sungura akanong'ona, "Bibi yangu kipenzi, fukua kidogo tu. Huenda imeshaota."

Kobe alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaingiza kichwa gambani, akalala.