Makande ya Siku ya Kukandika

Makande ya chumvi hayakosi shahidi. Mnacheka? Chekeni tu, maana hata siku methali hii ilipozaliwa watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Sikilizeni ilikotoka.

Huko milimani Upare aliishi mjane mmoja, Nakunda, mkulima wa tangawizi. Baada ya mumewe kufariki alijijengea nyumba kwa mavuno yake mwenyewe, akazeekea humo. Miguu ilipoanza kumkatalia, na watoto wote wako mbali, alikubali kwa moyo mweupe kwenda kutunzwa katika makao ya wazee ya kanisa. Nyumba ingepangishwa, kodi yake imlipie matunzo. Ila walezi wa makao walitaka kwanza barua ya kijiji ithibitishe kwamba nyumba ni yake kweli.

Hapo ndipo shemeji yake, Senkondo, alipoibuka kutoka mjini.

"Nyumba ile niliijenga mimi," akasema bila haya. "Shemeji nilimweka tu."

Hati haikuwepo. Enzi zile nani aliandikia hati nyumba ya udongo? Shahidi wa nyumba alikuwa msaragambo: kijiji kizima hukusanyika kukandika kuta, na mwenye nyumba huwapikia. Waliokandika nyumba ya Nakunda walikuwa bado hai, wazee wenzake. Angewaita tu, yangekwisha.

Lakini Nakunda hakutaka mtu aikumbuke siku ile. Furaha ya kupata nyumba yake mwenyewe ilimpanda kichwani hata akatia chumvi kwenye makande, mahindi na maharage aliyowapikia, akaimba, akacheza, akatia tena! Aibu aliyoipata, jamani! Kwa kuwa hakuna aliyewahi kumtajia, alijifariji kwamba wamekwisha kusahau.

Siku ya kikao cha kijiji mwenyekiti akamwuliza, "Mama, una shahidi?"

Nakunda akainama. Aipoteze nyumba, au aifukue aibu? Akamtupia jicho Senkondo, aliyekaa mguu juu ya mguu kana kwamba funguo ziko tayari mfukoni mwake. Damu ikamchemka.

"Shemeji," akauliza taratibu, "siku ya kukandika uliwalisha watu nini?"

"Makande," akajibu upesi. Upare nani angekosea hapo?

"Yalikuwaje?"

"Matamu! Watu walilamba hadi vidole."

Kisha Mzee Mshitu, asiye na jino hata moja, akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka.

"Matamu? Mimi nilikunywa maji ya mfereji hadi migomba ya bondeni ikanyauka!"

"Marehemu mume wangu alionja kijiko kimoja," akadakia bibi mwingine, "akasingizia jino!"

Kikao kizima kikalipuka kwa kicheko. Kila mzee akawa na lake kuhusu chumvi ya Nakunda, na Senkondo akashusha mguu polepole.

Nakunda alijifunika uso kwa kanga. "Kumbe mlikumbuka siku zote?"

"Tungesahauje, dada?" akasema Mzee Mshitu. "Tulikunyamazia kwa kuwa tunakupenda. Hata leo tulikuwa tunangoja uanze wewe, tusikuaibishe."

Kanga ikashuka. Chini yake Nakunda naye alikuwa anacheka, na moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa kwa miaka mingi. Barua iliandikwa papo hapo. Senkondo aliondoka bila kuaga, na hakuna aliyemkumbuka mpaka jioni.

Siku ya kumsindikiza Nakunda makaoni, majirani walipika makande uwanjani pake, wakamwita atie chumvi. Akatia kidogo. Akawatazama, akatabasamu, akatia tena. Watu wakashangilia, wakala yote, kisha wakashuka mferejini wakisukumana kama watoto.

Basi wajukuu zangu, mkiharibu kitu kwa sababu ya furaha, msihangaike kufunika chungu. Chakula kizuri huliwa kikasahauliwa jioni ile ile. Makande ya chumvi hayakosi shahidi.