Paja Halina Mkanda

"Paja halina mkanda." Mmeisikia leo kwenye msafara wa harusi, mkacheka, sasa mnataka kujua ilikotoka. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Pale Muheza alikuwepo Bi Mishi, mama wa watu, nyumba haikosi wageni wala habari za mtaa. Siku ya harusi ya mpwa wake huko Korogwe, alipika sufuria kubwa ya pilau. Gari lilipofika, mkwewe Saumu alikuwa keshafunga kwenye siti ya nyuma kile kiti kidogo cha Nasra, mjukuu wa miaka miwili.

"Hicho kidude kitoe, mwanangu. Pilau itakaa wapi?"

"Mama, Nasra akae kwenye kiti chake."

"Ebo! Nimepakata watoto saba, nani aliniponyoka? Au unataka watu wa Korogwe waseme nimekuja mikono mitupu?"

Saumu akakifungua, mama mkwe habishiwi mbele za watu. Kiti kikabaki barazani. Bi Mishi akaipandisha sufuria, akaifunga mkanda kwa mikono yake mwenyewe, isije ikamwagika. Kisha akakaa mbele, Nasra mapajani, umbea ukaanza.

Mbele kidogo mbuzi akakatiza. Dereva akakanyaga breki. Bi Mishi alimkumbatia mtoto kwa nguvu zake zote, lakini mikono ikafunguka kama fundo la kanga. Nasra akarushwa, akajigonga kwenye kioo.

Mkono ulivunjika, kipaji cha uso kikashonwa nyuzi nane. Bi Mishi alipogeuka nyuma, aliiona sufuria palepale, hata punje haikumwagika.

Hospitalini Saumu alisema jambo moja tu: "Mama, pilau imefika salama."

Harusi iliyofuata, Bi Mishi alisimama mbele ya gari, kiti cha Nasra kichwani; ndani shoga yake amempakata mtoto.

"Bi Mishi, tunachelewa!" dereva akapaza sauti.

"Washa basi, unikanyage! Huyo mtoto ashuke mapajani kwanza."

"Mbona nimemshika vizuri, shoga?"

"Hata mimi nilimshika vizuri. Paja halina mkanda."

Gari halikuondoka mpaka mtoto alipofungwa. Tangu siku hiyo ikawa hivyo kila harusi, apendwe asipendwe.

Na yule bibi harusi wa leo, aliyeshuka garini na shela lake akasimamisha msafara mzima kwa sababu ya mtoto aliyepakatwa? Mtazameni vizuri lile kovu kwenye kipaji cha uso. Ndiye Nasra. Msimcheke tena: paja halina mkanda.