Mfaume na Kiti cha Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, mimi sijazaliwa na nyinyi hamjafikiriwa, palikuwa na mpumbavu mmoja jina lake Mfaume.

Mfaume alikuwa na kichwa kimoja na kofia kumi na saba. Alikuwa na miguu miwili na makubadhi jozi thelathini. Akiona jirani kanunua birika, naye anunue, tena kubwa zaidi. Alilifurahia mpaka jioni. Kukicha, halitazami tena.

Aliishi na mkewe, Mwanahamisi, na mama yake mzazi, Bi Somoe.

"Mume wangu," mkewe alimwambia, "hata pa kutandika mkeka hapana."

"Wewe hujui vitu vizuri," Mfaume akajibu.

Siku moja likapita zimwi likiuza vitu. Lilijifunika joho refu, gunia mgongoni. Mwenye macho angeuona mkia ukichungulia chini ya joho. Mfaume aliona taa ya shaba tu.

"Bei gani?"

"Sitaki fedha. Nipe nafasi tu. Nafasi ya yule mbuzi."

"Chukua!"

Mbuzi akatiwa guniani.

Siku ya pili zimwi likaleta kabati la nakshi.

"Sitaki fedha. Nipe nafasi tu. Nafasi ya mtama wote ule."

"Chukua!"

Watu wakalala na njaa, kabati linang'aa.

Siku ya tatu likaleta kiti cha mpingo, kimepambwa kwa pembe.

"Sitaki fedha. Nipe nafasi tu. Nafasi ya yule bi kizee."

Mfaume akamtazama mama yake. Akakitazama kiti. Akamtazama mama yake tena, kama mtu anavyotazama kikapu kilichotoboka.

"Chukua," akasema.

"Mwanangu!" Bi Somoe akapiga kelele. Gunia likafungwa.

Basi, Mwanahamisi akarudi kutoka kisimani.

"Mama yuko wapi?"

"Tazama kiti kwanza! Hebu kikalie, uone. Mama nimembadilisha na hiki."

Mwanahamisi hakupoteza maneno. Alikibeba kiti kichwani akafuata nyayo za zimwi. Mfaume alilia, lakini hakumfuata. Aliogopa kuviacha vitu vyake peke yake.

Mwanahamisi alilikuta zimwi mwituni likikoka moto. Mbuzi na mtama lilikwisha kula.

"Mali ikiuzwa hairudishwi!" likanguruma.

"Nani anarudisha? Nampelekea sultani wa ng'ambo, anakitaka sana."

Zimwi likakitazama kiti. Lilikuwa nacho miaka mingi, wala halikuwahi kukikalia. Lakini kusikia kinakwenda kwa mwingine tu, mate yakalitoka.

"Niuzie mimi!"

"Sitaki fedha. Nipe gunia hilo na kilichomo."

"Chukua!"

Likajitupa kitini, likajigeuza huku na huku, likajisifu. Mwanahamisi akafungua gunia, akamtoa Bi Somoe, akamshika mkono. Walipotoka mwituni bado walilisikia linajisifu. Zimwi zima, na akili za Mfaume!

Wakafika nyumbani. Mfaume alikuwa mlangoni, macho yamevimba kwa kulia. Bi Somoe akafungua mikono amkumbatie.

"Kiti changu kiko wapi?" Mfaume akauliza.

Bi Somoe akashusha mikono. Akaingia ndani, akachukua mkeka wake, akatoka.

"Twende kwenu, binti yangu," akamwambia Mwanahamisi.

Wakaenda, wala hawakurudi. Mfaume akaendelea kununua, mpaka siku majirani walipokosa kumwona. Walihamisha vitu tangu asubuhi hadi alasiri, ndipo wakaifikia maiti yake. Waliomzika walikuwa wanne, na hakuna aliyelia.

Watoto, anayependa vitu kuliko watu wake hubaki na vitu.

Hadithi yangu imekomea hapo.