Nani Atamnyoa Resiato?

Tulieni mnisikilize, wanangu, maana mwishoni nitawahitaji.

Walikuwapo watu watatu. Okelo, mgeni kutoka ng'ambo ya ziwa, alijua kuvua hata kwenye maji yenye mamba. Bibi Naisula alijua kupika. Chungu chake kilinukia boma zima. Sironka hakujua kazi yoyote ya maana, ila hofu yake haikuwahi kuonekana usoni.

Mwaka huo ukame ulimaliza ng'ombe wote wa bondeni. Mama mmoja wa huko, Nasieku, akabaki na binti yake, Resiato, mbavu zimemtoka. Kila mtoto aliposinzia, mama alimwekea kiganja puani, akisubiri pumzi.

"Atakayemfanya mwanangu ale," akasema, "ndiye atakayemnyoa."

Kwa wafugaji wa bonde hilo, anayemnyoa mtoto mara ya kwanza huwa mzazi wake wa pili mpaka kufa. Naye ni mmoja tu.

Okelo akaingia ziwani hadi kifuani. Mamba wakateleza kutoka ukingoni, wakazama. Hakutoka mpaka alipompata kambare.

Nasieku aliona kichwa bapa, sharubu, ngozi tupu inayoteleza. Akarudi nyuma.

"Huyo si nyoka?"

"Kwetu ni kitoweo, mama."

"Kwenu!"

Bibi Naisula naye alitishika. Chungu kilichopikiwa samaki hakipikiwi tena nyama ya ng'ombe, naye alikuwa na kimoja tu, alichoachiwa na mama yake. Alikishika kwa muda. Kisha akatupa kile kichwa cha kutisha, akakata minofu midogo midogo kama ya mbuzi, akainjika.

Harufu ilikuwa tamu. Lakini Resiato hakutazama chakula. Alimtazama mama yake usoni. Nasieku akajaribu kutabasamu, midomo ikakataa.

"Sili nyoka," mtoto akanong'ona.

Sironka akaketi mbele yake. Alijua kuwa mla samaki hanywi tena maziwa katika kibuyu kimoja na wenzake wa rika. Akatia mnofu mdomoni. Akatafuna, akameza, uso umetulia tuli.

"Fanya haraka, wee, nitamaliza vyote!"

Mtoto akalitazama koo lake, akingoja aanguke. Hakuanguka. Mkono mdogo ukaingia bakulini.

Siku Resiato alipoweza kusimama, Nasieku alitoa wembe.

"Bila mimi mngeinjika nini? Maji?" akauliza Okelo.

"Na wewe ungemlisha nani yule mdudu wako mbichi?" akajibu Bibi Naisula.

"Chakula kilipikwa, kikapoa," akasema Sironka. "Aliyeanza kula ni nani?"

Nasieku akawatazama wote watatu. Mvua bado haijanyesha. Kesho mtoto atataka tena kuvuliwa samaki, kupikiwa na kupata mtu wa kula naye, na atakayenyimwa wembe huenda akaenda zake.

Haya, ninyi mliosikia yote: wembe mngempa nani?