Ufunguo wa Gari la Mzee Mwadime

Hapo zamani, ile zamani ya juzijuzi, aliishi Voi mstaafu wa reli aitwaye Mzee Mwadime. Alikuwa na watoto watatu na gari moja la bluu, na majirani walimtania kwamba watoto wake ni wanne. Magoti yalipomwishia nguvu akawaambia wanawe, "Mimi siendeshi tena. Atakayelinusuru gari hili lisiozee uani, huyo atachukua ufunguo."

Mghoi, kifungua mimba, ndiye aliyekuwa akiliosha miaka yote. Jua la Voi hubabua hata mawe. Kila Jumamosi alimwaga maji kwanza ili vumbi lisikwaruze, akapitisha kitambaa laini, akapaka nta, akalifunika turubai. Magari mengine ya rika lile yalishapauka na kumenyeka. La Mzee liling'aa.

Akaja Mwakio, wa pili, kutoka Mombasa. Akalizunguka, akainama, akabonyeza kivimbe kidogo juu ya gurudumu la nyuma. Rangi ikapasuka, kutu ikamwagika kama ugoro.

"Dada, kumbe unapaka nta juu ya donda!"

Akashika msasa, akakwangua mpaka bati likabaki tupu, akapaka rangi ya kijivu ya kuzuia kutu. Mzee alipotoka na mkongojo wake akayaona yale mabaka, aliugonga mkongojo chini.

"Umelichuna! Gari hili ndilo lililowaleta wewe na mamako kutoka hospitali. Ondoka mbele yangu!"

Mwakio akanawa mikono, akarudi Mombasa bila kunywa hata chai.

Akabaki Wakesho, kitinda mimba. Akanunua kopo la rangi ileile, akajaribu tone moja nyuma ya kibati cha namba. Ikatoka bluu ya gari jipya, wakati lao lilikuwa limefifia kidogo kwa miaka. Akatia nyeupe kidogo, akapaka kwenye kipande cha bati, akakiacha kikauke, akakiweka ubavuni mwa gari. Haikupatana. Akachanganya upya, na upya tena. Ilipopatana akapaka tabaka jembamba, akasubiri likauke, akapaka jingine, kisha vanishi, akasugua taratibu.

Mzee akapitisha kiganja penye lile donda, asiupate mpaka wa rangi mpya na ya zamani. Kisha akasema, "Mpigieni Mwakio aje."

Wakaketi uani wote watatu.

Mghoi akasema, "Ningeliacha juani, Mwakio angeponya nini? Na Wakesho angepatanisha rangi na nini?"

Mwakio akasema, "Dada, nta yako ilificha kutu. Bila mimi mngezika gari linalong'aa. Na matusi nimeyala mimi peke yangu."

Wakesho akasema, "Mlilitunza, mkalitibu, sikatai. Lakini Baba alifika mahali hataki hata kulitazama. Nani aliyemrudishia gari lake?"

Mzee akawatazama mmoja mmoja. Alitamani kumwomba Mwakio radhi, ila alijua radhi ni kitu kimoja na ufunguo ni kingine. Akaunyanyua mkono wenye ufunguo, akasita.

Mimi nimefika hapo, maneno sasa ni yenu. Mkono wa Mzee ungali hewani: aliyelitunza, aliyelitibu na aliyelirudishia sura, je, nani alistahili ufunguo?