Radi Saba au Kunguru Weupe

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, ila majibu yenu muyaache nje kwanza. Hadithi hii nimeisimulia kwa wengi, na kila mmoja alianza kupiga kelele kabla sijafika katikati. Mimi ni Wakesho, na niliyoyaona nitayasema kama yalivyokuwa, hata yale yanayonuka.

Zamani mji wa Voi ulikuwa na bendi mbili za roki. Radi Saba walikuwa vijana wa karakana ya reli. Kunguru Weupe walikuwa vijana wa mashamba ya mkonge. Suruali zao zilikuwa pana chini, nywele kama vichaka, na magitaa yao ya umeme yalipoanza kulia, mbuzi wa jirani walikata kamba.

Mghoi aliimbia Radi Saba. Sauti yake ilipanda, na ulipodhani imefika mwisho, ikapanda tena. Nyimbo alizitunga mwenyewe huku akipiga pasi nguo za watu.

Mwakio alipiga gitaa la kwanza la Kunguru Weupe. Wimbo akiusikia mara moja, vidole vyake vilikuwa vimeshaujua.

Zighe hakuwa wa bendi yoyote. Alikuwa fundi wa simu za reli, mtu wa kupanda nguzo. Redio iliyoshindikana kwa mafundi wengine alikaa nayo kidogo, akaipulizapuliza, akaigusa hapa na pale, na ikaanza kusema.

Mwaka wa sabini na tano bendi hizo zilishindanishwa Jumapili alasiri, uwanja wa mpira. Gari la redio lilikuja kurekodi. Kunguru Weupe walipiga kwanza, na uwanja mzima ukainuka. Zamu ya Radi Saba ilipofika, balaa tupu. Mpiga gitaa wao alikuwa ameumwa na nge asubuhi ile na mkono wake ulikuwa umevimba kama mkate. Amplifaya yao nayo ikatoa moshi, ikafa. Watu wakaanza kuzomea na kurusha maganda ya machungwa.

Mghoi alikuwa na maradhi ya koo. Daktari alikuwa amemkataza kuimba, hata kunong'ona alimwambia apunguze. Angeshuka, nani angemlaumu? Lakini alisimama pale bila maikrofoni na kuanza "Nishushe Hapa", wimbo wa mwanamke aliye ndani ya treni, anayemsihi dereva amshushe mbele ya nyumba ya mama yake, mahali ambapo treni haisimami. Alipofika pale pa juu kabisa alihisi kitu kimechanika kooni, akaonja damu. Aliendelea hadi mwisho. Tangu siku hiyo sauti yake ni ya kukwaruza, kama mtu anayekokota kiti sakafuni.

Mwakio alikuwa chini ya jukwaa, gitaa bado shingoni. Alimgeukia kiongozi wake, Kifuso.

"Hawana gitaa wale," alisema.

"Na ndiyo raha yetu," Kifuso akajibu. "Ukipanda pale, usirudi kwetu."

Mwakio akapanda. Wimbo hakuwahi kuupiga, lakini alimfuata Mghoi hatua kwa hatua, kama mtu anayemmulikia mwenzake njia. Jioni hiyo hiyo Kunguru Weupe wakamfukuza. Walimwita msaliti, na jina hilo likamtangulia hadi Mombasa, asipate bendi ya kumpokea. Kifuso alikufa bila kupokea salamu yake hata moja.

Zighe aliona kwamba wote wawili hawatasikika kupita mstari wa tatu. Akavuta waya kutoka kwenye amplifaya ya Kunguru Weupe hadi kwenye gitaa na maikrofoni. Waya ukawa mfupi. Akauunga na kipande kingine kilichokuwa kimechunika, na kwa kuwa kiungo hakikushika, akakishika yeye, mkono ukiwa umefungwa kipande cha mpira wa tairi. Mpira ukaanza kuyeyuka. Wimbo ule una dakika sita. Hakuachia. Vidole viwili vikajikunja na havikunyooka tena, na fundi asiyeweza kupanda nguzo reli haikumtaka. Aliishia kuuza vitunguu sokoni.

Radi Saba wakapewa kombe. Redio ikaupiga wimbo ule miaka na miaka, na watu ambao hawajawahi kukanyaga Voi wakaijua Voi.

Ikapita miaka arobaini na minane. Ukumbi wa mji ukakarabatiwa, nasi wanakamati saba, mimi nikiwa katibu, tukaamua uitwe jina la bendi iliyokuwa kubwa kuliko mwenzake. Tuliamua pia kwamba mtu wa bendi hiyo aliye hai apewe chumba cha nyuma afundishe muziki. Tulidhani tumefanya jambo la heshima. Laiti tungenyamaza.

Ubishi ulianza kwa vicheko, kwa kinyozi Maghanga.

"Wimbo ni wa Radi Saba na kombe ni la Radi Saba," alisema Shako, mwenye bucha. "Kuna nini tena?"

"Gitaa lilipigwa na nani?" Maghanga akamuuliza. "Amplifaya ilikuwa ya nani? Bila sisi Kunguru mngeimba na vyura!"

Sisi Kunguru! Baba yake Maghanga ndiye aliyetupa nguo za Mwakio nje siku ile aliyofukuzwa. Leo mtoto wake anajipigia kifua kwa vidole vya mtu waliyemtupa. Nilisikia nikasonya.

Wiki ya pili vicheko vikaisha. Wakaanza kutukana wafu, nani alikufa kwa ulevi, nani kwa maradhi ya aibu. Wiki ya tatu wakawageukia walio hai.

Mwakio alifungua mlango asubuhi akakanyaga utumbo wa mbuzi. Mtu alikuwa amemwaga ndoo nzima kizingitini, pamoja na mavi yaliyokuwa ndani yake, na nzi walikuwa wameshafunika kila kitu. Mzee wa miaka sabini na tatu alipiga magoti na kuzoa kwa mikono. Harufu ile ilikaa kwenye mbao za mlango siku nne.

Mghoi naye, wenzake Maghanga walimletea spika dirishani. Walipiga "Nishushe Hapa", na kila ilipofika pale pa juu walizima wakalia meee kama mbuzi, kuigiza sauti yake ya sasa. Kisha wakacheka. Walikuwa watu wazima, wenye watoto.

Zighe hawakumpa hata heshima ya kumchukia. Walisema vidole vyake viliungua akiiba nyaya za reli. Uongo huo ulipendwa na pande zote mbili. Ndilo jambo pekee walilokubaliana.

Siku ya mkutano wa kuamua, ukumbi ulijaa saa tisa mchana. Mwenyekiti wetu, Bi. Saru, alikuwa hajamaliza kukaribisha watu wakati Mwakio alipoingia na ndoo. Alikuja nayo hadi mbele, akaiweka juu ya meza yetu, juu ya kitambaa cheupe, kati ya chupa za maji. Akaondoa kifuniko. Nilifunika pua kwa kanga, na bado machozi yalinitoka.

"Hiyo ni hoja ya Radi Saba," alisema. "Nimewaletea mwandike kwenye kumbukumbu zenu."

"Si sisi tuliomtuma," Shako akasema haraka, bila mtu kumtaja.

Mghoi akasimama. Alijaribu kusema, sauti ikakwaruza, na huko nyuma mtu mmoja akalia meee. Wengine wakacheka puani.

Mghoi akangoja hadi wakamaliza. "Mnanichefua," alisema. "Pande zote mbili. Hii sauti mnayoicheka niliimalizia kwenye wimbo mnaougombania. Sasa iteni jina mnalotaka."

Bi. Saru alikuwa ametahayari. Akasema, kwa kuwa wenyewe wapo, wao watatu waseme jina ni la nani. Nami, nasema kweli, nilitegemea kila mmoja atamsukumia mwenzake kwa unyenyekevu, sote tulie kidogo, twende nyumbani. Haikuwa hivyo.

"Ni langu mimi," Mghoi akasema. "Maneno yangu, koo langu. Andikeni Radi Saba. Msinitake niwe mpole, upole wangu uliisha dirishani kwangu."

"Andikeni Kunguru Weupe," Mwakio akasema.

"Wale waliokufukuza?" nikamwuliza. Nilishindwa kujizuia.

"Hao hao. Nilipopanda jukwaa la Radi Saba, vidole vilikuwa vya Kunguru. Kifuso ndiye aliyenifundisha. Alikufa akiamini niliwauza. Nataka mtu yeyote akipita pale nje aone kwamba siku ile sisi pia tulikuwepo kwenye ule wimbo."

Zighe aliinuka mwisho, mkono mbovu mfukoni. "Mimi sikupenda Radi, sikupenda Kunguru. Nilipenda wimbo ufike kwa watu, ukafika. Andikeni Zighe. Nimeitwa mwizi na mji huu wote. Mji huu wote utamke jina langu vizuri kila ukitaka kuja harusini humu ukumbini."

Watu wakapiga kelele kwamba Zighe si bendi. Mghoi akawajibu kwamba bila Zighe kusingekuwa na bendi iliyosikika siku ile. Mwakio akaitikia kwa kichwa. Kila mmoja alikubali kazi ya mwenzake, na hakuna aliyetaka kumwachia.

Tukapiga kura, kamati peke yetu, kwa karatasi. Sikumwona mwanakamati hata mmoja akiitazama ile ndoo, wala hakuna aliyethubutu kuiondoa. Bi. Saru akahesabu. Wawili waliandika Radi Saba, kwa sababu bila Mghoi hapakuwa na wimbo. Wawili waliandika Kunguru Weupe, kwa sababu bila Mwakio wimbo ungezomewa ukafa. Wawili waliandika Zighe, kwa sababu bila mkono wake hata gari la redio lisingeurekodi.

Kura ya saba ni yangu.

Nikimpa Mghoi, Shako atashangilia, na mwaga-utumbo atadhani ameshinda. Nikimpa Mwakio, watashangilia waliolia kama mbuzi, watoto wa waliomfukuza. Nikimpa Zighe, bendi mbili zilizoutikisa mji huu zitabaki bila ukuta wa kuandikwa. Na kutoandika kitu pia ni kuwanyima wazee watatu, waliolipa kila mmoja kwa namna yake, kwa sababu tu mashabiki wao ni watu wa kutia kinyaa.

Mchoraji wa mabango yuko juu ya ngazi, brashi mkononi, ameshauliza mara mbili aanze na herufi gani. Karatasi yangu bado nyeupe. Haya, ninyi mlionisikiliza hadi hapa, na msinijibu wote kwa pamoja: ungekuwa wewe uliyeshika kalamu hii, ungeandika jina la nani?