Matanga ya Bibi Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Na nyie wakubwa mliokaa huko nyuma itikieni. Hadithi hii inawahusu nyie zaidi.

Hapo zamani za kale, homa ya kikohozi iliingia msituni. Kohu, kohu! Kila shimo kohu, kohu! Wanyama wakakutana, mwenyekiti wao Ngiri, wakatoa amri: wazee wakae mashimoni mwao, na yeyote asiwasogelee, abaki umbali wa hatua ishirini. Amri nzuri. Homa ilikuwa inaua kweli, na ilianza na wazee.

Bibi Nungunungu akaingia shimoni kwake. Mjane, miguu imechoka, miiba mingine imekwisha dondoka. Kila asubuhi jirani yake Kanga alileta muhogo. Anautupa mlangoni, pu! Anakimbia, tiki tiki tiki.

"Kanga mwanangu," Bibi akaita, "simama hukohuko mbali, unisalimie tu."

"Nina haraka, Bibi. Tunakulinda."

Kesho yake, pu! Tiki tiki tiki.

"Kanga, wajukuu zangu hawajambo?"

"Tunakulinda, Bibi." Huyoo, kaishia kichakani.

Mwezi ukapita, ukaja mwingine. Hatua ishirini zinazuia homa. Tangu lini zikazuia shikamoo? Lakini wenzetu waliona muhogo unatosha. Wakikutana wanasifiana: "Sisi tunajua kutunza wazee." Watunzaji hao!

Upweke ukamla Bibi. Akawa anajiamkia mwenyewe. "Shikamoo." "Marahaba." Muhogo ukawa haupiti kooni, akauacha mlangoni. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, Kanga anarundika tu, haulizi. Siku ya saba rundo likaziba mlango. Ndipo Kanga akapiga yowe:

"Bibi amekufa!"

Hakuna aliyechungulia. Lakini matangani, mbio! Homa waliiacha wapi, mimi sijui. Ngiri huyo, Nyani huyo, wajukuu zake wanaokaa mlima wa pili hao. Wamebanana bega kwa bega mbele ya shimo lake, wanakoholeana usoni, na sufuria zinatokota, pwata, pwata. Ngiri akasimama, machozi yanamchuruzika.

"Bibi alikuwa nguzo yetu," akasema. "Tulimpenda. Hatukumwacha hata siku moja."

Rundo likatikisika. Muhogo mmoja ukabingirika, wa pili ukabingirika. Bibi akatoka, amekonda, anayumba.

"Bibi," Ngiri akasema, "kumbe uko hai? Umetoka kufanya nini?"

"Nimekuja matangani," Bibi akajibu. "Nimeona ndiko mnakopatikana."

Kanga akainamisha kichwa. Wajukuu wakatazamana. Ngiri, mwenyekiti mzima, akatazama sufuria.

Basi sikilizeni. Kumpa mzee chakula bila kusema naye si kumtunza, na machozi ya matangani hayafidii salamu mliyomnyima akiwa hai.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye bibi yake aende akamwamkie, asinikodolee macho mimi.